Kadi ya kuzamia peke yako unayo, lakini refa ni nahodha

CHUKULIA kocha ana leseni A ya CAF mfukoni, halali kabisa, haina chembe ya kughushi. Anatua Dar es Salaam siku ya dabi ya Kariakoo, anapita geti la Uwanja wa Mkapa, anakwenda kukaa benchi la Yanga na kuanza kupanga kikosi. Nini kitatokea? Walinzi watamtoa kabla hajavua koti. Leseni inasema anaijua kazi. Haisemi kwamba timu ni yake.

Hicho ndicho kinachowakuta wazamiaji wanaofika kwenye vituo vya kuzamia, iwe Nungwi, iwe Bahari ya Shamu, iwe Australia, wakiwa na kadi ya mafunzo ya kuzamia bila mwenza. Wanaitoa kwa mbwembwe. Mtu wa mapokezi anaiangalia mbele na nyuma, anairudisha na kusema hapa kila mtu anazama na mwenzake. Ubishi unaanzia hapo.

Kwanza ieleweke. Vijiweni neno mzamiaji lina maana zake: yule aliyejificha ndani ya meli kwenda Ulaya, au yule anayeingia harusini bila kadi ya mwaliko. Huyu wa leo ni mwingine. Ni mwanamichezo anayebeba mtungi wa hewa mgongoni, anavaa miwani na mapezi miguuni, anashuka kuangalia matumbawe, kasa na meli zilizozama. Analipa ili ashuke, na kituo kinalipwa ili apande akiwa hai.

Sheria ya kwanza anayofundishwa ni moja duniani kote: usizame peke yako. Kila mtu ana mwenza. Kabla ya kuruka wanakaguana vifaa, mmoja anavuta kamba za mwenzake, anaangalia geji, anahakikisha mtungi umefunguliwa. Chini ya maji hawaachani. Na ndiyo maana kifaa cha kupumulia kina mdomo wa pili, mara nyingi wa rangi ya njano: si wa kwako, ni wa mwenzako siku hewa yake ikimwishia.

Ni mfumo mzuri. Shida yake ni kwamba mwenza ni binadamu.

Ndoa ya mkeka

Mtalii akifika kituoni bila rafiki, kituo humpangia mwenza. Watu wawili wanaokutana saa mbili asubuhi, mmoja Mjerumani mwenye miaka 20 baharini, mwingine kijana aliyepata cheti juzi, wanaambiwa nyie wawili ni pamoja. Ndoa ya mkeka kabisa. Hawajui kama mwenzao anapumua haraka, kama ana tabia ya kukimbilia kila samaki anayepita, kama akiona papa anaganda. Dakika kumi baadaye wako mita 20 chini na maisha ya mmoja yako mikononi mwa mwingine.

Wapiga picha ndio waliochoka mapema. Mpiga picha anaweza kukaa dakika 15 mbele ya konokono mdogo wa baharini asiyezidi ukubwa wa ukucha. Mwenza gani atasubiri? Mwenza ameshaondoka, amemfuata kasa, na kwenye daftari bado wanahesabiwa wawili. Hapo kila mmoja yuko peke yake, ila hakujiandaa kuwa peke yake. Hiyo ni hali mbaya kuliko ya mtu aliyeshuka peke yake kwa makusudi na vifaa kamili.

Mashirika ya mafunzo kwa miaka mingi hayakutaka hata kulisikia jambo hili. Lilifanyika, kila mtu alijua linafanyika, lakini kwenye vitabu halikuwepo. Shirika la SDI, lililoanzishwa mwaka 1998, ndilo lililovunja ukimya kwa kuweka kozi rasmi ya mzamiaji wa peke yake. Masharti yake hayana utani: umri usiopungua miaka 21, cheti cha ngazi ya juu ya ile ya mwanzo, na awe ameshazamia mara 100, zote zimeandikwa.

PADI, shirika kubwa kuliko yote kwa kutoa vyeti, lililozaliwa Marekani mwaka 1966, lilikuja na kozi yake mwaka 2011. Umri kwao ni miaka 18, lakini mara 100 ziko palepale, na mwalimu anamtazama mwanafunzi majini kwanza kabla ya kumpokea. Angalia jina walilochagua. Hawakuiita kozi ya kuzamia peke yako. Waliita kozi ya mzamiaji anayejitegemea. Ni kama wakili aliyesoma jina hilo mara tatu kabla halijachapwa.

Mara 100 ni nyingi kiasi gani? Anayetaka kuwa mwalimu kamili wa PADI naye hudaiwa mara 100 kabla ya kufanya mtihani wa mwisho. Kwa hiyo kadi hii, kwa hesabu ya uzoefu, inamtaka mtu aliyefikia kimo cha ualimu. Si ya mtoto wa akademi.

Hesabu ya hewa

Kozi yenyewe kwa sehemu kubwa ni hesabu. Na hapa ndipo wengi wanaojiona mafundi wanapoumbuka.

Mtungi wa kawaida wa lita 12 ukijazwa hadi bar 200 unabeba lita 2,400 za hewa. Mtu mtulivu juu ya maji anaweza kutumia kama lita 20 kwa dakika. Ukigawanya unapata saa mbili, unajiona tajiri. Lakini kila unaposhuka mita 10 mgandamizo unaongezeka sawa na hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Mita 10, kila pumzi inakula mara mbili. Mita 20, mara tatu. Mita 30, mara nne: lita 80 kwa dakika. Saa mbili zimekuwa nusu saa. Ukiweka akiba ya bar 50 ya kupandia, ambayo ni lita 600, zimebaki dakika 22 na ushee. Na hiyo ni kwa mtu mtulivu. Aliyeogopa hupumua kama beki wa pembeni dakika ya 90.

Anayesomea kuzamia peke yake anapimwa matumizi yake mwenyewe, si ya kitabuni. Anakaa kina kimoja kwa muda unaojulikana, anasoma geji kabla na baada, anapata namba yake. Kuanzia siku hiyo hapangi safari kwa kukisia.

Kisha inakuja swali lenyewe: hewa ikikatika mita 30 na hakuna mwenza, unafanyaje? Jibu ni mtungi wa pili, mdogo, unaofungwa ubavuni, wenye mdomo wake na geji yake, haushirikiani chochote na ule mkubwa. Tena si mdogo wa kubahatisha. Piga hesabu ya mtu mwenye hofu anayetumia lita 30 kwa dakika kipimo cha juu. Dakika moja chini akijiweka sawa ni lita 120. Dakika tatu za kupanda taratibu ni kama lita 225. Dakika tatu za kusimama mita tano kutoka juu, zile ambazo mwili unatoa naitrojeni iliyoingia kwenye damu, ni lita 135. Jumla 480. Mtungi wa lita tatu wenye bar 200 una lita 600, unatosha na chenji inabaki. Mtungi wa lita moja una 200, utamfikisha njiani tu. Kuna wanaobeba kichupa cha ukubwa wa chupa ya maji kwa sababu ni chepesi kusafiria. Huyo ni mwenye timu anayesajili kipa wa akiba asiye na glovu.

Na kupanda haraka si njia ya mkato. Hewa iliyo kifuani inatanuka kadiri maji yanavyopungua juu yako, na aliyebana pumzi anaweza kuchanika mapafu hata kutoka mita chache. Aliyekimbia kusimama kwake huko mita tano anaweza kufika juu akicheka, saa moja baadaye viungo vinauma na miguu haisikii.

Vifaa vingine ni vya kawaida, ila kila kimoja kina pacha: visu viwili, miwani ya ziada mfukoni, saa ya kuzamia na nyingine ya akiba. Dira. Boya refu la rangi ya chungwa linalojazwa hewa kutoka chini. Filimbi. Kwenye mazoezi mtu anavuliwa miwani, anabadilisha mdomo wa kupumulia macho yakiwa kwenye maji ya chumvi, anarudi alikotoka kwa dira tu.

Takwimu zinaeleza kwa nini hewa inapewa uzito wote huu. Watafiti wa DAN, mtandao wa usalama wa wazamiaji uliozaliwa Marekani mwaka 1980, walichambua vifo 947 vya wazamiaji wa burudani vya mwaka 1992 hadi 2003. Pale ambapo chanzo cha kwanza kiliweza kujulikana, kuishiwa hewa kulikuwa asilimia 41. Si papa, si chewa mkubwa wa pangoni. Ni geji ambayo haikuangaliwa.

Boti ni ya nani?

Haya, mtu ana kadi, ana mtungi wa pili, hesabu zake zimenyooka. Kwa nini bado anakataliwa?

Kwa sababu kadi inatolewa na shirika la mafunzo, na shirika la mafunzo halina boti. Boti ni ya kituo. Kituo kina bima yake, kina kanuni za nchi iliyokipa kibali, kina jina lake la kulinda. Mzamiaji akipotea, hakuna atakayepiga simu kwenye ofisi iliyochapisha kadi. Watampigia mwenye boti. Polisi watakuja kwake, na wanahabari watapiga picha boti yake.

Ndiyo maana majibu yanatofautiana kutoka kituo hadi kituo. Wapo wanaokataa moja kwa moja, mjadala hakuna. Wapo wanaokubali kwa masharti: lete kadi, lete daftari, vaa mtungi wa pili, boya lazima, usizidi kina fulani, rudi kabla ya dakika fulani, na tuandikie unakokwenda. Wengine watamwambia azame kwanza mara moja na kiongozi wao amtazame. Na wapo wanaopendekeza njia ya katikati, amlipe kiongozi wa peke yake. Hapo mpiga picha anapata mtu ambaye kazi yake ni kusubiri.

Kosa la wageni wengi ni kuuliza wakiwa wameshapanda boti. Swali hili huulizwa kabla ya kulipia. Nahodha akishasema hapana, ni hapana. Refa akipuliza filimbi huendi kumwonyesha cheti chako cha darasa la kanuni.

Bahari nayo ina maneno yake. Matumbawe ya Mnemba siku ya maji tulivu ni kitu kimoja. Leven Bank, ule mwamba uliozama kaskazini mwa Unguja kuelekea Pemba, ni kitu kingine kabisa, mkondo wake una nguvu na hata wazoefu huufuata tu unakowapeleka. Kusi likivuma katikati ya mwaka mawimbi yanapanda, na kichwa cha mtu mmoja katikati ya mawimbi kinafanana na nazi inayoelea. Boti inaweza kupita mita mia na isimwone. Wawili wakiwa pamoja wanaonekana kidogo zaidi. Mmoja bila boya haonekani.

Mambo mawili ya Queensland

Wanaofuatilia mchezo huu wanakumbuka Queensland, Australia, kwa habari mbili zinazovuta pande tofauti.

Ya kwanza ni ya Januari 25, 1998. Mke na mume kutoka Marekani walizama pamoja kwenye mwamba wa St Crispin, sehemu ya Great Barrier Reef. Walikuwa na mwenza kila mmoja, kanuni waliifuata. Boti iliyowapeleka ikawa na abiria 26, hesabu ikakosewa, ikarudi bandarini bila wao. Siku mbili zilipita kabla mtu hajagundua kwamba mifuko yao bado imo ndani ya boti. Hawakupatikana. Nahodha alishitakiwa kwa kuua bila kukusudia, baraza la wazee wa mahakama likamwona hana hatia. Baada ya hapo kuhesabu watu Queensland hakukuwa tena kutupa jicho na kusema tuko wote. Jina linaandikwa, muda wa kushuka na kupanda unaandikwa, saini inawekwa.

Ya pili ni ya Oktoba 2003, kwenye mabaki ya meli Yongala iliyozama mwaka 1911 kwa kimbunga. Bibi harusi wa siku 11, mgeni kwenye mchezo, alikufa akiwa na mwenza ambaye ni mumewe, mwenye cheti cha uokoaji. Yeye alimwacha akizama na kupanda juu kuomba msaada. Mwaka 2009 alikiri mbele ya mahakama ya Queensland kosa la kuua bila kukusudia, kwa msingi kwamba kama mwenza alikuwa na wajibu wa kumsaidia na hakuutimiza. Akaenda jela. Baadaye Alabama walimshitaki kwa mauaji, na mwaka 2012 jaji akaifuta kesi kwa ushahidi kutotosha.

Wanaotetea kuzamia peke yako hulinukuu sana hilo la pili. Wanasema, mnatulazimisha wenza, tena mahakama imeshaonyesha mwenza anaweza kufungwa. Je, yule kijana wa juzi aliyepangiwa mtu asiyemjua anajua kwamba amebeba mzigo huo? Hoja ina nguvu. Lakini habari ya kwanza inawajibu pia: kama boti inaweza kuwasahau wawili, mmoja itamsahau mara ngapi? Kituo kinachoruhusu mtu wa peke yake bila kuwa na daftari la kueleweka kinafanya masihara, hata kama mtu mwenyewe ni bingwa.

Yule ambaye hahesabiwi

Kuna mtu mmoja kwenye boti ambaye mjadala huu wote unampita, na ndiye ambaye ulipaswa uanze naye. Ni kiongozi wa wazamiaji. Kwenye fukwe za Unguja, Pemba, Mafia, na kule Diani na Watamu, wengi ni vijana wa palepale, waliokulia kwenye ngalawa, wakajifunza Kiingereza na Kitaliano kwa watalii.

Asubuhi anapewa wageni wanne wenye vyeti vipya. Kwenye karatasi hayuko peke yake, yuko na watu wanne. Lakini hewa yake ikikatika mita 18, nani kati ya hao atakayemwokoa? Mmoja anahangaika na miwani iliyoingia maji, mwingine anapanda kama puto, wawili wanapiga picha. Yeye ndiye mdomo wa pili wa kila mtu. Wa kwake haupo. Ni kipa ambaye mabeki wake wote wanne wamekuja uwanjani kwa mara ya kwanza.

Kwa hesabu za hewa zilizoelezwa hapo juu, mtungi ule mdogo wa ubavuni unamfaa yeye kuliko mtalii mwenye kamera. Bei yake na ya kozi ni za dola, na anayelipwa kwa shilingi anaziona kwa mbali. Kituo kinachokataa wageni kuzama peke yao kwa sababu ya usalama kingeweza kuanzia hapo, kwa kumnunulia mfanyakazi wake mtungi wa lita tatu. Wapo watakaosema ni gharama. Injini ya boti nayo ni gharama.

Mtalii anayezama mara kumi kwa mwaka, likizo moja, anahitaji miaka kumi kuzifikisha mara 100. Kijana anayeongoza watu mara mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, anazimaliza ndani ya wiki kumi. Msimu mmoja wa kaskazi. Sifa ya kusomea kozi ile anaipata kabla masika hayajaanza, na kesho yake asubuhi anafunga mtungi mmoja mgongoni, anakagua vifaa vya wageni wanne, anaandika majina yao daftarini na kurudi nyuma majini.